Eksirei safi, kifundo cha mkono bado kinauma

Swali: Wakuu, mgonjwa kaangukia kiganja. Eksirei haioneshi ufa, ila kile kishimo kinachojitokeza akiinua kidole gumba kinauma. Bandeji inatosha?

Jibu: Haitoshi. Chini ya kishimo hicho kuna skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono. Kikiuma ukibonyeza, mhesabu kavunjika. Mfunge gango linaloshika na kidole gumba, rudia eksirei baada ya siku 10 hadi 14.

Jibu: Na omba picha maalumu ya skafoidi, kiganja kikiwa kimeelekezwa upande wa kidole cha mwisho. Damu ya mfupa huu huingia zaidi kupitia ncha iliyo karibu na vidole. Ukikatika kiunoni mwake, yaani katikati ya mfupa, kipande cha upande wa kigasha kinaweza kukosa damu na kufa. MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ikiwepo, kwa nini kusubiri?

Jibu: Vidole vikifa ganzi, legeza gango mara moja.