Mtafsiri wa tamthilia ya upelelezi ametaja jibu katika sehemu ya kwanza, na muuzaji amekataa kunirudishia hela

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nimesubiri siku tatu kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu nilitaka hasira ishuke kwanza, lakini haijashuka na sioni sababu ya kuendelea kuinyamazia.

Jumamosi nilishuka Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikiwa na flashi yangu, nikaingia kwa muuzaji mmoja wa filamu na tamthilia zilizotafsiriwa, nikaomba tamthilia ya watoto ya upelelezi inayoitwa Clue. Alikuwa nayo. Aliniambia imetafsiriwa kwa Kiswahili vizuri, na ni sehemu 5, ambayo ndiyo idadi yake halisi tangu ilipoonyeshwa Marekani mwezi Novemba 2011 kwenye chaneli ya The Hub. Nikalipa shilingi 500 kwa kila sehemu, jumla shilingi 2,500. Najua wapo watakaosema kwamba hiyo si hela ya kufungulia uzi. Naomba wasome hadi mwisho.

Hapa kwetu Uyole mwezi wa 6 si wakati wa kumwacha mtoto nje baada ya magharibi. Baridi yake mnaijua. Shule zimefungwa, na watoto watatu nilionao, wawili wangu na mmoja wa dada yangu aliyekuja kutoka Tukuyu, wanashinda ndani karibu na jiko la mkaa. Tangu likizo ya mwaka jana wanao mchezo wa mezani ambao tamthilia hiyo imetokana nao, mchezo unaoitwa Cluedo kule Uingereza na Clue kule Marekani. Aliubuni Anthony Pratt wa Birmingham wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika miaka ambayo watu walikuwa wakijifungia majumbani jioni kwa sababu ya mabomu, na mkewe Elva ndiye aliyechora ramani ya jumba. Aliomba hataza mwaka 1944, ila mchezo haukuingia madukani hadi mwaka 1949, kwa kuwa baada ya vita vifaa vya kuutengenezea vilikuwa adimu.

Nieleze kidogo unavyochezwa, maana bila hilo hamtaelewa nilichoporwa. Mtu ameuawa katika jumba lenye vyumba 9. Wapo watuhumiwa 6 na silaha 6, na kila mtuhumiwa, kila silaha na kila chumba kina kadi yake, hivyo kadi zote ni 21. Kabla ya kuanza, kadi moja ya kila aina inafichwa ndani ya bahasha bila mtu yeyote kuiona, na zile 18 zinazobaki wanagawana wachezaji. Watoto wangu wakiwa watatu, kila mmoja anapata 6. Kuanzia hapo ni kuulizana, ili kujua kadi 3 zilizo ndani ya bahasha. Unataja mtu, silaha na chumba, na mwenzako aliye na mojawapo ya kadi hizo anakuonyesha moja kwa siri, wewe peke yako. Unaifuta kwenye karatasi yako, unaendelea. Asiyekuwa na kadi hata moja naye amekupa habari kwa kukosa kwake. Kijana wangu wa darasa la saba alikaa na penseli akazidisha 6 kwa 6 kwa 9, akapata 324, akawaambia wenzake kwamba majibu yanayowezekana ni hayo na la kweli ni moja tu. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Na anayetoa tuhuma ya mwisho akakosea hapati zamu tena, anabaki kuonyesha kadi zake tu hadi mchezo uishe, kwa hiyo hata mdogo wao wa miaka 9 ameshajua kwamba humtaji mtu hadi uwe na hakika. (Walichokosea mwanzoni ni silaha moja tu: bomba la risasi walidhani ni kipande cha bunduki, hadi nilipowaeleza kwamba risasi ni madini pia.)

Sasa tamthilia yenyewe inahusu vijana 6 wanaojikuta wakilazimika kufumbua fumbo pamoja, kidokezo baada ya kidokezo. Watoto waliisubiri wiki nzima. Binti yangu wa darasa la tano alichukua daftari la hesabu lililokwisha, akapiga mistari kwa rula kwenye kurasa za nyuma, safu moja ya majina, safu moja ya "alikuwa wapi" na safu moja ya "anaficha nini". Nilichemsha magimbi, nikamwaga chai, tukakaa.

Sauti ya mtafsiri ilianza kabla ya wahusika kufungua midomo. Hilo tumelizoea, maana ndivyo tafsiri za mtindo huu zilivyo, na sina ugomvi na mtu anayemsaidia mtoto asiyejua Kiingereza kufuata hadithi. Lakini haikufika hata dakika ya 10, kabla hatujawajua vijana wote kwa majina, mhusika mmoja akapita kwenye picha, na mtafsiri akasema kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Huyu unayemwona hapa mwangalie vizuri, ndiye adui mwenyewe, mtakuja kuona huko mbele." Halafu akaeleza na sababu. Akamaliza kila kitu. Sitamtaja mhusika huyo hapa, kwa kuwa wapo watoto ambao bado hawajaiona.

Binti yangu aliweka penseli juu ya daftari akaniuliza, "Mama, sasa tunatafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Tuliendelea kuangalia kwa sababu kijana alisema labda mtafsiri amekosea, na kwa dakika chache wote watatu walishikilia tumaini hilo. Hakuwa amekosea. Zaidi ya hapo, mahali ambapo vijana wananyamaza wakitafakari kidokezo, yeye alijaza maneno yake, mara salamu kwa rafiki zake, mara maelezo ya kwamba "hapa stelingi anawaza hivi na hivi." Ukimya wa namna hiyo katika hadithi ya upelelezi haujabaki kwa bahati mbaya. Umewekwa pale ili mtazamaji naye awaze. Watengenezaji wa filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na mchezo huuhuu walilijali jibu kiasi cha kuitoa ikiwa na miisho 3 tofauti, na majumba ya sinema ya Marekani hayakuonyesha mwisho uleule. Watu walijisumbua hivyo ili fumbo libaki fumbo, na mtu mmoja na kipaza sauti chake ameona ni sawa kulimwaga kabla chai haijapoa.

Sisi tumelelewa kwa vitendawili. Bibi akisema "Kitendawili", tukaitika "Tega", alikuwa anangoja. Tulikosea, tukacheka, tukakosea tena, na tuliposhindwa kabisa ndipo alipodai, "Nipeni mji." Tukampa Tukuyu, akaikataa kwamba ameshakwenda, tukampa Njombe, akakubali, akatueleza alichokula huko na watu waliompokea, na mwisho kabisa ndipo akatupa jibu. Sijawahi kumwona mtegaji anayetega na kutegua kwa pumzi moja. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kulinda jibu ni utamaduni wa kigeni ambao mtafsiri wetu hakuujua.

Nilirudi kwa muuzaji Jumatatu. Jambo jingine ni kwamba sehemu ya 5 haikuwepo. Faili lilikuwa na jina hilo, lakini ndani yake ni sehemu ya 4 imerudiwa. Akanijibu, "Mama, hizo ni za watoto tu. Watoto wanataka kuona picha zinatembea, hawana shida na hayo mengine." Nikamwambia, "Mwanangu, wangu wanayo shida, na wameiandika kwenye daftari." Akasema hela ikishaingia hairudi, na kwamba kama nataka, ataniwekea katuni nyingine badala yake.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Ingekuwa tamthilia ya mapenzi ya watu wazima, ikapungua sehemu ya mwisho, pale dukani pangewaka moto. Kwa kuwa wateja ni watoto, kazi inaweza kufanywa nusu, jibu likatajwa, sehemu moja ikakosekana, na anayelalamika akaonekana msumbufu. Mtoto wa miaka 11 aliyejipangia safu tatu kwa rula ni mtazamaji makini kuliko wengi wetu.

Najua nitaambiwa pia kwamba nakala yenyewe haikuwa halali tangu mwanzo. Ni kweli, na kosa langu katika hilo nalikubali: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kuitafsiri kazi ni haki ya mwenye kazi, na sikuuliza kama ruhusa hiyo ipo. Lakini aliyeniuzia alijua, na aliyetafsiri alijua, na wote wawili walichukua hela.

Ninayoyataka ni haya. Muuzaji, ambaye naamini anasoma jukwaa hili kwa kuwa aliniambia hivyo mwenyewe, anirudishie shilingi 2,500. Watafsiri wa kazi za upelelezi, hasa za watoto, watafsiri kinachosemwa pale kinaposemwa, na wayaache ya mbele yabaki mbele. Na kama yupo anayejua mahali pa kuinunua tamthilia hii kihalali, sehemu zote 5, ikiwa na sauti yake ya asili, naomba aandike hapa chini. Nitawatafsiria wanangu mwenyewe, sentensi kwa sentensi, na wahusika wakinyamaza nami nitanyamaza. Mpwa wangu anarudi Tukuyu Jumapili, na amesema hataki kusikia mwisho kwa simu.