Tupeane uzoefu: nyoka wa kufugwa anapotapika mlo au kukataa kula

Mwanzilishi, Leicester

Wanajamvi, salaam. Ninaishi Uingereza, na kwa miaka minne nimemfuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule ambaye akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata mwenyewe, si aliyoyasikia kwa mwingine. Nianze mimi.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa kwanza nilimlisha Jumamosi usiku, na Jumatatu asubuhi nilipofungua kizimba nikapokewa na uvundo ulionifanya nirudi nyuma. Panya alikuwa ametapikwa mzima: kichwa, kilichotangulia kumezwa, kilikuwa kimelainika kama uji, ilhali miguu ya nyuma ilikuwa vilevile ilivyoingia. Nikadhani panya alikuwa mbovu. Siku tatu baadaye nikampa mwingine, kwa huruma tu, nikiamini ana njaa, naye pia akarudishwa.

Daktari wa wanyama hakuanza kwa kumshika nyoka, bali aliniuliza kipimajoto nimekiweka wapi. Nilikuwa nimekibandika juu kwenye kioo, karibu na taa, kikisoma nyuzi 32, kumbe sakafuni anapolala nyoka palikuwa na nyuzi 24. Nyoka hategemei joto la mwili wake kama sisi. Akipoa, usagaji wa chakula hupungua mno, na panya huanza kuoza tumboni kabla hajasagwa, hivyo mwili humtoa. Niliagizwa nimpe maji peke yake kwa wiki mbili, kwa sababu asidi iliyopanda huchubua umio, kisha nianze na kipanya kidogo kuliko kawaida, na nisimshike nyoka kwa saa 48 baada ya kula. Sasa nina pedi ya joto yenye themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto lisizidi, na kipimajoto kimelala sakafuni: nyuzi 32 upande mmoja, 26 upande wa pili. Hajatapika tena.

Mama Rehema, Columbus, Ohio

Ahsante, ndugu. Wetu ni wa aina hiyohiyo, dume mzima wa mwanangu, na shida yake ilikuwa kugoma. Aligoma Novemba akaja kula Machi. Nilikonda mimi kuliko yeye! Kila Jumapili tulimpima kwa mizani ya jikoni (ambayo tangu hapo haijapimia unga), na katika miezi minne alishuka kutoka gramu 1,540 hadi 1,470 tu. Daktari alitueleza kwamba madume wa aina hii hugoma mara nyingi msimu wa kupandana unapofika, na kwamba tungemrudisha kwake haraka iwapo angepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake.

Nikiri pia kosa letu. Tulikuwa tukimyeyusha panya wa barafu juu ya meza na kumpa akiwa baridi, wakati chatu huyu ana vijitundu mdomoni vinavyohisi joto la mawindo, kwa hiyo kwake panya baridi ni kama jiwe. Siku hizi tunamyeyusha kwenye friji usiku kucha, ndani ya mfuko, kisha tunauzamisha mfuko katika maji moto hadi panya apate uvuguvugu wa kiumbe hai. Msitumie maikrowevu, atapasuka, nanyi mtahama nyumba.

Mhudumu wa bustani ya nyoka, pwani ya Kenya

Kwetu nyoka hawafugwi bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo ninayosema ni ya kazini. Nyoka aliyetoka porini karibuni hukataa kula kwa woga. Tunamwekea kasha lenye tundu dogo, tunafunika kioo kwa gazeti, na hatumsumbui. Wakati fulani tulimwachia panya hai usiku kucha. Asubuhi tulimkuta nyoka ametafunwa mgongoni hadi nyama inaonekana. Hatukurudia.

Mfugaji wa nyoka wa mahindi, Toronto

Wangu hakupona. Joto lilikuwa sawa, panya walikuwa wadogo, lakini alitapika mara kwa mara na katikati ya mwili palikuwa na uvimbe mgumu ambao haukuondoka. Walikuwa vimelea wa kriptosporidia, ambao hawana tiba ya kutegemewa, na kwa kuwa hata dawa ya klorini haiwaui, nilitupa magogo na udongo wote wa kizimba. Alilazwa usingizi wa mwisho akiwa na miaka sita.

Mwanzilishi

Pole sana, ndugu. Waligunduaje?

Mfugaji wa nyoka wa mahindi

Kinyesi cha kwanza hakikuonyesha kitu, nami nikafurahi mapema. Mwezi uliofuata daktari alipitisha mrija mwembamba hadi tumboni, akasukuma maji ya chumvi, akayavuta na kuyapeleka maabara. Humo ndimo walimoonekana.