Tupeane uzoefu: monita mpya uliichaguaje?

Mwanzisha mada:
Wakuu, salaam. Naanza na yangu. Niliiona monita yangu ya inchi 24 ndogo, nikachukua ya inchi 27 kwa kuangalia ukubwa tu. Nafika, naiwasha, nafungua hati niliyoiacha jana yake: herufi zina ukungu kwenye kingo, "m" imevimba kama mhuri uliozidi wino. Nikadhani ni mbovu. Kumbe ina pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, idadi ileile ya ile ya zamani, sasa zimetandazwa eneo kubwa zaidi. Ukipiga hesabu, ya 24 ina pikseli kama 92 kwa kila inchi, ya 27 inabaki na 82 hivi. Kwa anayeshinda akisoma maandishi, tofauti hiyo unaiona. Leo natumia inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, kama 109 kwa inchi, na macho yametulia. Nyie je?

Mchangiaji wa 2:
Pole mkuu. Mimi nilichukua ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160), kishale cha mausi kikawa kinakwenda kwa kurukaruka. Siku tatu nahangaika na draiva. Tatizo lilikuwa tundu la HDMI la kompyuta yangu: ni toleo la 1.4, na kwa 4K linaishia hezi 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Tundu la DisplayPort lilikuwa hapohapo pembeni, sijawahi kuligusa. Nilipohamishia waya huko ikapanda hadi 60, kishale kikateleza. Jamani, kagueni matundu ya kompyuta kabla ya kununua.

Mchangiaji wa 3:
Kama dirisha liko nyuma yako, achana na kioo cha kung'aa. Mchana kutwa nilikuwa naangalia uso wangu.

Mchangiaji wa 4:
Mimi nasanifu nembo, na nilinunua yenye paneli ya VA (aina mojawapo ya kioo cha monita). Weusi wake ni wa kweli, filamu usiku raha tupu. Siku moja mteja amekaa pembeni yangu anasema nyekundu imepauka. Mimi naiona imekolea. Tulipobadilishana viti ndipo nikaelewa: ukiitazama kwa upande, rangi zinafifia. Kwa kazi nikahamia IPS, aina nyingine ya paneli; ile ya VA naitazamia filamu.

Mwanzisha mada:
Asante mkuu, hilo la viti nitalijaribu dukani kabla ya kulipa. Na stendi yako inapanda na kushuka? Yangu haisogei, shingo inauma.

Mchangiaji wa 4:
Haipandi. Ila nyuma ina matundu manne ya skrubu ya VESA (kipimo cha pamoja cha kufungia monita), milimita 100 kwa 100, nikafunga mkono wa mezani. Geuza yako uangalie.