Mjadala: Anayetaja tarehe ya hukumu ya Mungu, je, sheria imzuie?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mbele yetu ni kama Serikali ya Kenya itunge sheria ya kumzuia mhubiri anayewatangazia watu siku ya mwisho wa dunia. Hoja mbili zimekwisha kutolewa. Ya kwanza inasema kwamba baada ya Shakahola, msitu ambamo ilifukuliwa mamia ya miili ya watu wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wafunge mpaka kufa, jambo hili haliwezi tena kuachiwa makanisa yenyewe, kwa hiyo kila mhubiri asajiliwe, awe na shahada ya theolojia, na mafundisho yake kuhusu kiyama yachunguzwe kabla hayajafika madhabahuni. Ya pili inajibu kwamba manabii nao walitaja siku, na kwamba sheria ya namna hiyo ingemtia Yona ndani kabla hajamaliza mtaa wa kwanza wa Ninawi. Mimi ni Mkristo, naamini kwamba hukumu ipo, na hoja hizo zote mbili, kama zilivyowekwa, siwezi kuziunga mkono.

Nianze na Yona, nabii aliyetumwa kuuonya mji wa Ninawi, kwa kuwa ndiye shahidi anayeitwa kila mara mjadala huu unapofufuka. Ni kweli alitaja muda: “Baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa.” Hakuweka sharti lolote, wala hakusema “msipotubu”. Lakini habari yenyewe isomwe mpaka mwisho. Watu walifunga, mfalme akavua joho lake akajivika gunia, hata ng’ombe na kondoo wakazuiwa malisho na maji, na maangamizi yaliyotangazwa hayakuja. Siku ile ilitangazwa kwa namna ambayo kutotimia kwake ndiko kulikokuwa ushindi wake. Aliyechukizwa ni nabii mwenyewe, ambaye alitoka akajijengea kibanda upande wa mashariki ili aone mji utapatwa na nini. Hapo Mungu akamuuliza kama haikumpasa kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, pamoja na wanyama wengi wa kufugwa. Wafafanuzi kadhaa huwaona watoto wadogo katika idadi hiyo. Kitabu kinakoma papo hapo, na jibu la Yona hatulisikii. Kwa hiyo mwenye kumtumia Yona kuwatetea wanaohesabu siku anamwita shahidi aliyekwisha kukemewa kwa kuipenda tarehe yake kuliko watu waliokuwa wakiisubiri.

Sasa tuiweke Shakahola kando ya Ninawi. Tangu Aprili 2023, katika msitu ulio bara ya Malindi, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Upande wa mashtaka unadai kwamba wafuasi wa kanisa la mhubiri Paul Mackenzie walihimizwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mackenzie na wenzake walipofikishwa mahakamani mwaka 2024 walikana mashtaka, na hukumu ya kesi si yangu wala ya mchangiaji yeyote hapa. Yapo mambo mawili, hata hivyo, ambayo Mkristo hawezi kuyapita haraka. Makazi ya humo msituni yaligawanywa na kupewa majina kama Nazareti, Bethlehemu na Yudea, kana kwamba nchi ya Biblia ilikuwa imehamia Kilifi ili mwisho upate mahali pa kutokea. Tena hati ya mashtaka ya mauaji ilihusu watoto 191. Ninawi walifunga wote, wakubwa kwa wadogo, wapate kuishi, na waliishi. Saumu ambayo mtoto wa miaka mitatu anaingizwa ili asiitoke akiwa hai, sijui itatetewa kwa andiko gani.

Aliyependekeza shahada ya theolojia ametoa mfano wa Rwanda, ambayo mwaka 2018 ilifunga maelfu ya makanisa na kutunga sheria inayowadai viongozi wa dini elimu ya chuo kikuu katika fani hiyo. Namwomba akumbuke Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Viongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliwatangazia watu kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi waliuza mali zao, na kimya kilikuwa sehemu ya maisha yao, wakizungumza kwa ishara ili ulimi usivunje amri. Mwaka ukageuka, dunia ikabaki palepale, watu wakaanza kuuliza habari za mali yao. Tarehe 17 Machi 2000, baada ya karamu ya nyama na soda, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa, na siku zilizofuata polisi wakafukua mamia ya miili mingine katika nyumba na mashamba ya viongozi. Mmoja wa viongozi hao, Dominic Kataribabo, alikuwa amepata upadre wa Kikatoliki na shahada ya uzamili ya mambo ya dini kutoka chuo kikuu cha Marekani. Elimu ya theolojia naitaka kanisani kuliko wengi (baadhi ya mahubiri tunayoyasikia yanatia aibu), lakini kuifanya ngao dhidi ya Kanungu ni kuisahau Kanungu.

Kiini cha kosa, kwa maoni yangu, kiko mahali ambapo mjadala haujafika bado, yaani namna tunavyoufikiri wakati wenyewe. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alikutana na watu waliouliza Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi. Alilijua jibu la mzaha lililokuwa likizunguka, kwamba Mungu alikuwa akiwaandalia jehanamu wapekuzi wa mambo makuu, akakataa kulitumia, kwa sababu aliliona swali kuwa zito. Akajibu kwamba “kabla” hiyo haikuwapo, kwa kuwa wakati nao ni kiumbe, umeumbwa pamoja na ulimwengu. Fikra hiyo ikikubaliwa, umilele hauwezi kuwa miaka mingi iliyounganishwa, wala Mungu hakai mwishoni mwa kalenda akisubiri ukurasa wa mwisho ufunuliwe. Waraka wa pili wa Petro unaposema kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja, unatuzuia kufanya hesabu, ingawa wapo wanaoutumia kama fomula ya kuzidisha na kugawanya. Anayesema amekokotoa siku ya hukumu hudhani anamtukuza Mungu, kumbe amemweka chini ya kalenda kama sisi sote tulivyo. Katika enzi za Augustino walikuwapo waliosema kwamba tangu Kristo kupaa mpaka kurudi itakuwa miaka 400, wengine 500, wengine 1,000. Aliwajibu kwa neno la Matendo ya Mitume, “Si kazi yenu kujua nyakati wala majira,” akasema kwamba Kristo kwa neno hilo anavilegeza vidole vya wote wanaohesabu.

Vidole havikulegea. William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti huko Marekani, aliichukua hesabu ya siku 2,300 katika kitabu cha Danieli akaifanya miaka, ili apate wakati wa kurudi kwa Kristo. Wafuasi wake waliishia kushika tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo waliokataa kuvuna viazi vyao, kwa kuwa kuvuna kungekuwa kukiri kwamba kutakuwa na majira ya baridi ya kuvilia. Kulipokucha walilia. Kanisa la Waadventista Wasabato, lililotokana na vuguvugu hilo, halitangazi tarehe ya kurudi kwa Kristo, na mimi naliheshimu kwa hilo ingawa hatukubaliani kuhusu hali ya wafu. Wao hufundisha kwamba aliyekufa amelala mpaka ufufuo, ilhali Wakatoliki, tangu Papa Benedikto XII alipotoa tamko lake mwaka 1336, hushika kwamba roho zilizotakaswa humwona Mungu hata kabla ya hukumu ya mwisho. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini kwenye suala la tarehe wote wawili wanakataa.

Mchangiaji mmoja ameandika kwamba tusipotaja siku watu hulala, na hofu ya Mungu hutoweka. Hoja hii ina uzito, maana Injili yenyewe inasema “kesheni”, na kanisa lisilohubiri hukumu limekata kipande cha Imani yake. Ila ajabu ni kile kinachofuata katika Mathayo 24. Mstari wa 36 unasema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Mistari michache mbele, Yesu anauliza ni nani mtumwa mwaminifu ambaye bwana wake amemweka juu ya nyumba yake, “awape watu chakula kwa saa yake”, na anaitwa heri atakayekutwa akifanya hivyo. Saa pekee ambayo mtumwa huyu ameambiwa aijue ni saa ya chakula. Ndipo katika sura ya 25 hukumu yenyewe inakuja na swali la nani alikuwa na njaa na nani alimlisha. Ukesha unaohubiriwa humo unaonekana kwenye sufuria iliyo jikoni, na mhubiri anayezima moto huo kwa jina la kesho ameshindwa mtihani akiwa ameshikilia karatasi ya maswali mkononi.

Turudi kwenye sheria. Jopo la kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya dini, aliloliunda Rais Ruto Mei 2023, chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, limekwisha kutoa ripoti, na mabishano yanaendelea. Mimi naona jambo moja linasahaulika: Machi 2023, yaani mwezi mmoja kabla ya makaburi kufukuliwa, Mackenzie alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Sheria za kumlinda mtoto dhidi ya kunyimwa chakula, matibabu na shule zilikuwapo, na hazikuhitaji hakimu aamue kama kiyama kiko karibu au mbali. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inalinda uhuru wa kuamini, na haimpi mzazi wala mchungaji ruhusa ya kumuua mtoto kwa njaa.

Kwa hiyo wanaotaka kifungu kipya nawaomba wakiandike hapa, neno kwa neno. Kiwe kifungu ambacho kingeizuia Shakahola mapema kuliko sheria zilizokuwapo, kisimnyamazishe mchungaji anayesoma Danieli na Ufunuo katika ibada ya Jumapili au Sabato, na kisimpe afisa wa usajili, ambaye huenda hata dini yetu si yake, kazi ya kupima theolojia. Nao wanaomtetea mhubiri wa tarehe kwa jina la Yona, watuonyeshe ni nani kati ya hao wahubiri aliyefurahi siku yake ilipopita na watu wakaendelea kuishi.