Dada yangu ameongezewa dawa ya pili ya sonona: je, ni salama?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, salaam. Dada yangu, mwenye umri wa miaka 41, anatibiwa sonona kali. Alianza na fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi, na wiki tatu baadaye, kwa kuwa alikuwa bado hali wala halali, akaandikiwa pia amitriptilini miligramu 50 ya usiku. Usingizi ameupata, namshukuru Mungu, lakini mdomo unamkauka hata kikombe cha maji hakibanduki kando ya kitanda, na jana alfajiri alipoinuka ilimbidi ashike ukuta mpaka kizunguzungu kipite. Shemeji anataka aache zote mbili leo hii. Je, ni kawaida mgonjwa kupewa dawa mbili za sonona kwa pamoja?

Mfamasia
Pole sana kwa kuuguza. Kuunganisha dawa mbili ni jambo linalofanyika, ingawa kwa kawaida dawa ya kwanza hupewa wiki nne hadi sita, kwa kipimo cha kutosha, kabla ya kusemwa kwamba imeshindwa. Kinachonitia wasiwasi ni hizi mbili zenyewe. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuivunja amitriptilini, kwa hiyo miligramu 50 anazomeza dada yako zinaweza kumfanyia kazi kama kipimo kikubwa zaidi, na mambo uliyoyaeleza yanalingana na hali hiyo. Asiache ghafla, mpigieni leo daktari aliyemwandikia. Akizirai, moyo ukienda mbio au kupiga bila mpangilio, au akipata homa pamoja na kutetemeka na kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri miadi. Akiumwa mgongo au jino, asimeze tramadoli. Na hili nakuomba kwa dhati: amitriptilini ikimezwa kupita kiasi huua, hivyo pakiti ikae kwako, naye umpe dozi ya usiku mmoja tu.

Niliyepona
Mimi nilitumia sertralini pamoja na mirtazapini kwa miezi minane, na ziliniinua, ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia suala hili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wenye wagonjwa 665, haukuona faida ya kuanza na dawa mbili badala ya moja. Ule wa Uingereza wa mwaka 2018 uliwaongezea mirtazapini watu ambao dawa ya kwanza haikuwatosha, na baada ya wiki 12 tofauti ilikuwa ndogo mno. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2022 uliojumlisha majaribio 39 ulionyesha kwamba dawa mbili zinashinda moja, hasa mojawapo ikiwa mirtazapini au dawa ya jamii yake. Kwa hiyo muulizeni daktari kwa nini amechagua hizi, na kama kuiongeza fluoksetini peke yake kungetosha. Mwambieni shemeji pia kwamba fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa. Kuikatisha leo hakutaondoa kizunguzungu kesho.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Daktari amepokea simu. Amepunguza amitriptilini hadi miligramu 25 na ameagiza kipimo cha umeme wa moyo Jumatatu. Shemeji amekubali, na pakiti iko kabatini kwangu, ufunguo ninao mimi.