Naomba ushauri: nipande cheo chuoni au nisome uzamivu wa historia?

Ndugu zangu, habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Tanga, ofisa udahili wa chuo, nina uzamili wa historia. Nimeahidiwa cheo ofisi ya msajili, lakini moyo uko kwenye uzamivu kuhusu elimu ya Tanga wakati wa vita vya 1914–1918. Shule ya serikali ya Wajerumani hapa ilichapa gazeti la Kiongozi tangu 1904 hadi 1916, mwaka ambao Waingereza waliuteka mji. Walimu wake waliishia wapi? Swali hilo halinitoki. Wazee wa Ngamiani nimewauliza, wamebaki na majina tu, nayo kwangu ni hazina.

Aliyesoma uzamivu akiwa kwenye utawala, muda aliupataje? Na pale Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nianze na mafaili ya Waingereza, au nijifunze Kijerumani kwanza?