Daftari la Kanda

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI, TANGA
Ijumaa, saa 2 usiku

Ba Mkubwa (Admin): Asalaam aleykum. Arobaini ya mdogo wangu ni Jumapili baada ya Alasiri, palepale nyumbani. Mchele umetimia, nazi bado.

Shangazi Muheza: Waaleykum salaam kaka. Nazi naja nazo mimi, na machungwa kiroba kimoja.

Bint Fundi: Shkamooni wazee. Leo nimefungua lile sanduku la bati la Baba, la kule banda la redio. Kanda za kaseti 213, nimezihesabu mara mbili. Halafu chini kabisa kuna daftari.

Ba Mkubwa (Admin): La madeni? Makaburini nilitangaza, mwenye kumdai marehemu aje kwangu. Alikuja mmoja tu, anataka redio yake iliyoletwa kutengenezwa Ramadhani ya mwaka juzi.

Kaka Muscat: 😂😂 "Bado naipima." Mungu amrehemu Mjomba, redio ya mtu alikuwa anaipima mpaka anaizoea.

Bint Fundi: Si madeni yake Ba Mkubwa, ni ya watu kwake. Kaandika kila aliyeazima kanda. Sikilizeni: "Dada. Atomic Jazz. 14/8/86. Kasema wiki moja."

Shangazi Muheza: Uwongo huo.

Mdogo Chuo: Shangazi kashikwa 😂 Atomic ndo akina nani?

Shangazi Muheza: Mtoto umezaliwa Tanga hujui Atomic! Mji huu ulikuwa na bendi ya Atomic na bendi ya Jamhuri, ukiwa wa huku kule huendi. Baba yako huyo admin alikuwa Jamhuri damu. Marehemu alikuwa kote. Jumamosi huku, Jumapili kule, katikati ya wiki kasimama dirishani kwa kikundi cha Black Star anasikiliza taarabu. Wakamwita kigeugeu. Akasema masikio anayo mawili.

Ba Mkubwa (Admin): Ndiyo yaliyomchelewesha hata ndoa yake. Shehe kakaa, kahawa imepoa, bwana harusi hayupo. Namkuta bandani, kanzu kaitundika msumarini, yuko kifua wazi anachomelea spika ya watu wa bendi. Namwambia wewe, watu wanakungoja. Ananijibu bila kuinua kichwa: "Kaka, ndoa haina kiingilio. Dansi la leo watu wameshalipa."

Bint Fundi: Nimemsomea Mama hapa edani, kacheka mpaka kafuta machozi. Anasema na spika yenyewe haikupona.

Shangazi Muheza: Mwambie wifi yangu nampenda. Na Januari 1979 mnakumbuka? Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari kule Kenya, huyu alifunga banda siku tatu. Wateja wakasema fundi kafiwa. Marehemu mama hakumgombeza, alimpikia uji kama mfiwa.

Kaka Muscat: Mimi nakumbuka kurekodi. Enyi wa chuo, bendi zilikuwa zinarekodi RTD, yaani Redio Tanzania, ukiutaka wimbo uuvizie redioni. Mjomba fundi mzima lakini waya hakuunga, alisema waya unaua besi. Aliweka redio mbili zitazamane, vidole juu ya batani, anangoja mtangazaji anyamaze. Sisi tumepangwa mkekani. Ukikohoa, nje! Kuna kanda ya bendi ya Mlimani Park ina jogoo ndani, wa jirani, kawika katikati ya gitaa. Mjomba alitaka kumnunua amchinje, jirani akagoma. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule mtandaoni bila jogoo naona wameukata.

Mdogo Chuo: Hizo kanda tuziingize kwenye kompyuta haraka. Kwa joto hili zitaota ukungu.

Bint Fundi: Nyingine zimeshaota. Naziweka juani asubuhi kidogo.

Shangazi Muheza: Juani usiweke!! Futa kwa kitambaa kikavu tu. Alikuwa akitukataza kila siku.

Kaka Muscat: Umejuaje Shangazi, kama huna kanda? 👀

Shangazi Muheza: Wewe nawe si u kazini huko?

Mdogo Chuo: Jumapili tupige moja, hata ya jogoo.

Ba Mkubwa (Admin): Jumapili ni khitma. Sitaki muziki.

Shangazi Muheza: Na wageni wakishaondoka?

Ba Mkubwa (Admin): Wageni wakishaondoka mimi nitakuwa nimelala.

Kaka Muscat: 🙌 Sasa hili deni la kanda tunasamehewa na nani? Warithi?

Bint Fundi: Warithi ni sisi, na hatusamehi. Kaka, wewe unazo tatu.

Shangazi Muheza: Haya, ninayo. Nitakuja nayo pamoja na nazi. Lakini niliambiwa wiki moja, mwaka hakutaja.

Bint Fundi: 😂 Imebaki ya ukurasa wa mwisho. "Kaka Mkubwa. Jamhuri Jazz. 2/2/91. Nisimuulize."

Mdogo Chuo: Baba???

Kaka Muscat: Admin anaandika... anaacha... anaandika...

Ba Mkubwa (Admin): Iko kwenye droo. Dada, nazi ni ngapi?